Mtandao Nyuma ya Banda la Malkia

"Na usiniambie ulikuja kupunga hewa! Siku tano mfululizo, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, umesimama nyuma ya banda langu umemkodolea ng'ombe macho. Malkia alikuwa ananipa lita kumi. Leo saba. Saba, Elinipendo! Hizo tatu zimekwenda wapi?"

"Mama Sirili, mimi simwangalii ng'ombe. Naangalia simu."

"Simu gani inaangaliwa kwenye mavi?"

Hapo kina mama wawili waliokuwa wanapita na ndizi zao kwenda gulioni walisimama, wakatua mizigo. Huku Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, kengele ya kanisa inaweza kulia mara tatu watu wakasema bado mapema, lakini wanawake wawili wakipandishiana sauti kwenye uzio, hata mgonjwa anaomba ashikwe mkono atoke nje. Na kweli, kabla Elinipendo hajapata jibu, walishafika watu saba na mbwa mmoja.

Ugomvi wenyewe ulianza bila hata shikamoo, jambo ambalo si la kawaida, maana Dominika, ndiye huyo Mama Sirili, ana umri wa kumzaa Elinipendo. Ni mjane, Mkatoliki wa kushika rozari, na sifa yake ni mbili: habari zote za mtaa zinalala kwake kabla hazijaenda kwingine, na ng'ombe wake hajawahi kukonda. Elinipendo ni Mlutheri, ana miaka thelathini na mbili, fundi cherehani, anakaa peke yake kwenye kihamba, shamba la migomba lenye nyumba, alichoachiwa na mama yake. Kati ya vihamba hivyo viwili kuna uzio wa mimea ya masale, na nyuma ya banda la Malkia, hatua kumi ndani ya ardhi ya Dominika, ndipo mahali pekee pa mtaa ule ambapo simu inashika mtandao wa kueleweka. Kwa Elinipendo picha moja inatoka baada ya chai kupoa.

Kosa lake lilikuwa kuvuka uzio kimyakimya, bila kumwambia mwenye banda. Angeomba radhi hapo, yangeisha. Lakini alikuwa hajalala vizuri, na macho ya watu yalimwasha mgongoni, akafungua mdomo:

"Ng'ombe hapungui maziwa kwa kuangaliwa, mama. Anapungua kwa kulishwa migomba mitupu. Mpe mashudu, ndipo uje kuniuliza hizo lita tatu!"

"Uuwii," akasema mmoja wa wale wa ndizi, polepole, kama mtu aliyeona sahani inaanguka.

Mwambie mwanamke wa mlimani kwamba mume wake ana sura mbaya, atacheka, pengine atakuongezea na mfano. Lakini usimguse ng'ombe. Dominika anashuka mpaka tambarare kufuata majani, anapanda nayo kichwani kilomita sita, na shingo yake inajua uzito wa kila siku. Hakupiga kelele tena. Alimtazama Elinipendo kutoka kwenye kilemba mpaka kwenye kandambili, akasema kwa sauti ya chini:

"Kuanzia leo mguu wako ukivuka hapa, nitauita mguu wa mwizi."

Akaingia ndani. Watu wakabeba ndizi zao. Na Elinipendo akabaki amekumbatia laptopu kuukuu kifuani kama mtoto mwenye homa, akijua kwamba ile ilikuwa Jumatano, na Jumamosi saa nne Mama Ebenezeri anakuja.

Sasa, huyu Mama Ebenezeri ni mwenyekiti wa kwaya pale usharikani, na kwaya ilitaka sare mpya: majoho ishirini na nne, kila kola idariziwe nembo ya kwaya, yaani msalaba, kitabu na jani la mgomba. Elinipendo aliiwania kazi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa ameshona miaka minane kwenye baraza za watu mjini Moshi, akishona sketi za shule mpaka akawa anaota marinda. Mwaka huu aliuza mtamba aliyepewa na mama yake, watu wote wakisema amerogwa, akaenda Tarakea akanunua mashine ya kudarizi iliyotumika, iliyopita mpakani ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Mashine nzima, sindano nzima, mota inaimba. Ilikosa kitu kimoja tu: ile programu ya kuigeuza picha iwe mishono. Bila programu hiyo, mashine ilijua kudarizi vitu vinne ilivyozaliwa navyo. Maua matatu na bata.

Mama Ebenezeri alipoonyeshwa yule bata alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu, sisi hatuwezi kumsifu Bwana na bata shingoni. Jumamosi saa nne nakuja. Nikikuta kola moja yenye nembo yetu, kazi ni yako. Nisipoikuta, nashuka na vitambaa vyangu mjini, na tusilaumiane."

Kwa Elinipendo maana yake ilikuwa nyepesi kuelewa na nzito kumeza. Kazi ikienda mjini, hakuna mtu mwingine kule mlimani atakayempa ya pili. Mashine itakuwa kabati la kuku kutagia, naye atarudi barazani kwa watu kushona marinda.

Aliyemtia moyo alikuwa Godlove, mtoto wa mjomba wake, fundi kompyuta mjini. Ndiye aliyempa ile laptopu, kongwe kiasi kwamba kibodi haina herufi P, na betri yake inakaa dakika kumi na tano halafu inakata roho. Godlove akamwambia ipo programu huria ya kudarizi, ya bure, iliyotengenezwa na watu wasiojuana, mmoja yuko huku mwingine kule, na yeyote anaruhusiwa kuitumia na hata kuichungulia ndani.

"Ila kuna jambo, dada. Ile iliyo tayari kutumika ni ya kompyuta za siku hizi. Kwa laptopu ya zamani kama hii, wanakupa msimbo wenyewe, mbichi. Unapewa unga, maji na kuni. Kupika ni juu yako."

"Mimi nipike kompyuta?"

"Amri tatu tu. Nakuandikia."

Akamwandikia nyuma ya boksi la sabuni: ya kwanza, *configure*, inakagua kama jikoni kuna kila kitu, ya pili, *make*, ndiyo inayopika, ya tatu inaipakua na kuiweka mahali pake. Akamwonyesha dirisha jeusi lenye kialama kinachopepesa, akamwambia, "Ukikwama nitumie picha," akaondoka zake kwenda Mabogini, ambako wakwe zake walikuwa wanavuna mpunga na mkwe asiyeonekana shambani wakati wa mavuno haonekani tena mezani.

Basi Elinipendo akaanza. Siku ya kwanza alipoandika amri ya kwanza, dirisha jeusi likaanza kuita vitu kimoja kimoja, kama katibu wa kamati ya harusi anavyosoma majina: hiki kipo, hiki kipo, hiki kipo. Akafurahi, akajiona ameshakuwa mtu. Kisha likasema: hiki hakipo. Likasimama.

Kumbe ndiyo ilivyo. Programu moja inataka maktaba, yaani vipande vilivyopikwa na mwingine, na ya mwingine inataka ya mwingine tena, na zote ziko mtandaoni, na mtandao uko nyuma ya Malkia. Alfajiri anavuka uzio, anapakua, betri inamlilia, anarudi mbio kuchomeka umeme nyumbani, anajaribu, anaambiwa sasa kinakosekana kitu kingine. Mara moja laptopu ilimuuliza kwa Kiingereza kama iendelee kupakua. Kwa adabu aliyofunzwa akaijibu "ndiyo", nayo, iliyoisoma ile 'n' ya mwanzo kama 'no', ikaacha kila kitu papo hapo. Akarudi kesho yake. Mtu anayeazima chumvi leo, kesho kitunguu, keshokutwa sufuria, mwisho majirani wanaanza kuuliza kinapikwa nini. Na ndicho hasa kilichotokea.

Asubuhi ileile ya ugomvi alikuwa amemaliza orodha. Kila kitu kipo. Aliingia ndani bado ana hasira, akaandika *make*, akafumba macho.

Alipoyafungua, maneno yalikuwa yanakimbia kwenye skrini kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Yakakimbia, yakakimbia, yakakwama. Mstari wa mwisho ulisema kuna kosa, namba mbili. Akaupiga picha, akaituma kwa Godlove. Picha ikaondoka baada ya robo saa.

Jibu lilikuja kwa sauti, nyuma yake watu wanafukuza ndege kwa madebe. "Dada, hiyo 'kosa namba mbili' ni kama mgonjwa kusema 'naumwa'. Anaumwa nini? Haisemi kitu. Nitumie nyingine."

Akatuma nyingine. Ya pale pale chini. Godlove akasema haisemi kitu. Alhamisi akafuta kila kitu akaanza upya, akapata kosa lile lile. Akafuta tena. Ukimwona ungefikiri ni mtu anayeosha sufuria mara tatu akidhani ndiyo itaivisha maharage. Ijumaa asubuhi Godlove akamwambia kwa ujumbe mfupi, kwa namna ya mtu aliyechoka na jua: "Tafuta mtandao mzuri nikupigie tuangalie wote. Bila hivyo mimi sioni."

Mtandao mzuri! Elinipendo akatoka nje, akasimama kwenye uzio. Upande wa pili Malkia alikuwa anacheua, hana habari na mtu.

Sasa kila mtu mlimani anajua dawa ya jambo kama lile, na inaota hapo hapo kwenye uzio. Ukimkosea mwenzio, unachuma jani la isale, hayo hayo masale, unalipeleka. Isale likishafika mlangoni, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama roho inamwaka moto. Lakini lina taratibu zake. Linapelekwa na mtu mzima anayekuombea, shangazi au mzee wa ukoo; mkosaji halipeleki mwenyewe na jasho lake. Shangazi wa Elinipendo alikuwa Arusha, amekwenda kumwangalia mjukuu. Na kesho ilikuwa Jumamosi.

Saa nane mchana akachuma jani, akalifunga fundo, akazunguka kwa njia ya mbele kama mgeni, mpaka mlangoni kwa Dominika.

"Hodi. Shikamoo, mama."

Dominika alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi. Aliliona jani. Kisu kikaendelea. "Marahaba. Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Isale halijitumi."

"Najua, mama. Shangazi yuko Arusha. Nikimsubiri arudi..."

"Ukimsubiri arudi, nini?"

Elinipendo alitaka kusema neno zuri, la kanisani. Lakini Dominika ana macho ambayo uongo ukiyafikia unaomba maji. Akamweleza yote: kwaya, kola, mashine ya Tarakea, bata, programu, Jumamosi saa nne. Dominika alisikiliza na kisu kikasimama chenyewe. Kwenye bata akauma mdomo.

"Kwa hiyo," akasema, "ungekuwa na mtandao kwako, hili jani leo lingekuwa bado kwenye uzio."

Ndizi moja ikateleza ikaanguka kwenye beseni.

"Leo lingekuwa kwenye uzio," Elinipendo akasema. "Ila ningelileta. Yale maneno ya mashudu yamenikaa kooni tangu Jumatano. Mimi ninakuona ukipanda na majani kichwani, mama. Kila siku ninakuona. Halafu nikasema vile mbele za watu."

Dominika akafuta mkono kwenye khanga, akalipokea jani. Akalichomeka juu ya mlango, kando ya picha ya Bikira Maria, akarudi kukaa.

"Mashudu nampa."

"Sawa, mama."

"Kila Jumapili. Nusu ndoo."

"Sawa, mama."

"Na si kwamba nilikasirika kwa sababu ya lita tatu. Malkia anakaribia kukaushwa, ana mimba ya miezi saba, lazima apungue. Nilikasirika kwa sababu siku tano mtu yuko nyuma ya banda langu na mimi sijui anafanya nini! Watu wananiuliza gulioni, 'Dominika, yule binti anafanya nini kwako?' nami nabaki natazama miguu yangu. Mimi! Ungeniambia siku ya kwanza ningekuwekea kiti."

Wakaanza kazi. Simu ikawekwa kwenye mfuko wa plastiki, ikatundikwa kwenye nguzo ya banda, juu ya kichwa cha Malkia, igawe mtandao. Laptopu ikawekwa kwenye meza ya jikoni, karibu na dirisha linaloangalia bandani, waya ukachomekwa nyuma ya friji. Dominika akasogeza kigoda chake na beseni la ndizi mpaka akawa anaiona skrini sawasawa, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Elinipendo akaandika *make*. Siafu wakakimbia. Wakakwama.

"Ndiyo hivyo tangu Jumatano," akasema, akainama kwenye mstari wa mwisho, akanyanyua simu ya Dominika aliyoazimwa ili apige picha.

"Ngoja kwanza. Hayo maneno yalianzia wapi?"

"Yapi?"

"Hayo yote. Yalianza juu au chini?"

"Juu. Yanashuka."

"Na wewe unasoma wapi?"

"Chini. Pale yaliposimama."

Dominika akacheka mpaka akashika ubavu. "Ee Ruwa, Mungu wangu! Wewe mtoto, ndiyo maana hata maharage yako ya bondeni yanakauka! Mfereji wa mfongo ukikosa maji kwenye shamba langu, mimi nachimba shambani kwangu? Nitachimba mpaka nitoke upande wa pili wa dunia, maji hayaji! Unapanda. Unafuata mfereji mpaka banioni, pale maji yanapochepushwa mtoni. Huko juu utakuta tope moja au gogo moja, na vijaruba arobaini vya watu vinalia huku chini. Mimi niko kwenye kamati ya mfongo mwaka wa kumi na mmoja. Sijawahi kuona ukame ulioanzia mwishoni."

Elinipendo akamtazama. Akataka kumwambia kompyuta si mfongo, ila hakuwa na lingine la kujaribu. Akaanza kupanda. Mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa, makosa mia na kitu, yote mekundu, kila moja likilalamika kwamba halijui jina fulani. Akapanda mpaka kidole kikauma. Na huko juu kabisa, kabla wekundu haujaanza, akakuta mstari mmoja mpole, mfupi, hauna hata kelele: faili fulani limetafutwa, halipo.

Lilikuwa moja tu. Yale mengine yote yalikuwa yanalilia hilo moja.

Akampigia Godlove kwa simu ile ya Dominika, iliyokuwa inavuta mtandao wa bandani, akaiweka spika. Safari hii sauti ikaja safi kama yuko chumbani. Akamsomea ule mstari wa juu, herufi kwa herufi.

"Aaah!" Godlove akapiga kelele huko mpungani. "Si ndiyo hilo? Siku tatu unanitumia picha za mkiani! Maktaba hiyo unayo, lakini umeleta ile ya watumiaji. Mjenzi anataka na ile ya wajenzi, yenye maelezo ya ndani. Jina ni lile lile, mwishoni ongeza kistari na *dev*. Nani amekwambia upande juu?"

"Mama Sirili."

"Mama Sirili anajua kompyuta za Linux?"

"Mwambie najua mfongo," Dominika akasema kutoka kwenye kigoda. "Na mwambie mashudu nampa. Ulisema mbele za watu, basi na uombe radhi mbele za watu. Hata huyo Godlove ni mtu, anatosha."

"Godlove," Elinipendo akasema, uso umemwiva, "Mama Sirili anampa ng'ombe wake mashudu. Kila Jumapili."

"Ehe?" akasema Godlove.

"Nusu ndoo," Dominika akakumbusha.

"Nusu ndoo," Elinipendo akasema.

Faili likashuka kwa dakika mbili. Akaandika *make* mara nyingine, na mara hii hakufumba macho. Asilimia nne. Asilimia tisa. Siafu hawakuonekana, mistari ilikuwa inapita mmoja mmoja, kwa adabu, kama waumini kwenda kutoa sadaka. Laptopu ikaanza kunguruma na kupata moto chini. Dominika akakata vipande viwili vya mgomba akaviweka chini yake ipate kupumua, akarudi kwenye ndizi zake, na kwa sababu asilimia zilikuwa zinakwenda polepole na jikoni kulikuwa na watu wawili, habari zikaanza. Elinipendo akaambiwa ni nani amerudisha mahari na kwa nini. Akaambiwa Mama Ebenezeri miwani yake ile ni ya kuvaa tu, haina hata namba. Akaambiwa Sirili, kijana mkubwa wa Dominika anayepandisha wageni mlimani, amepata mchumba lakini bado ni siri, watu kumi na wawili tu ndio wanaojua.

"Sasa kumi na watatu," akasema Elinipendo.

"Wewe umeleta isale. Wewe ni wa nyumbani."

Kwenye asilimia tisini na moja umeme ukakatika.

Friji ikanyamaza. Betri ikaonyesha dakika kumi na mbili, kisha tano, kisha laptopu ikazimika na jikoni kukawa na sauti ya Malkia tu anayetafuna. Elinipendo akaweka mikono kichwani. Hakulia, ila alikuwa anaitafuta sababu ya kutolia na haikuwa karibu. Dominika alibandika ndizi jikoni kwa kuni, akapuliza moto, akamsogezea Elinipendo beseni amalizie kumenya.

Jua lilikuwa linaegemea magharibi, upande wa Kibosho, umeme uliporudi. Elinipendo akawasha, akaandika *make* akitegemea kuanza upya na asilimia nne. Dirisha jeusi likapitia kazi yote iliyokwisha, haraka haraka, kama mtu anayehesabu magunia aliyoyashona jana, likaendelea kutoka pale pale. Tisini na mbili.

"Kumbe haisahau," akanong'ona.

"Nani?"

"Hii. Ilichokwisha kupika, haipiki tena."

"Afadhali yake," Dominika akasema. "Wakwe zangu walikuwa wananirudisha mwanzo kila siku."

Ilipofika mia, hakuna kilicholia wala kung'aa. Kialama kilipepesa tu, kama kawaida yake. Akaandika ile amri ya tatu ya kwenye boksi la sabuni, kisha jina la programu. Dirisha jeupe likafunguka na upau wa rangi juu. Akaiingiza picha ya nembo, akabofya, na msalaba ukajijaza mishono, moja baada ya nyingine, bluu na dhahabu. Dominika alisimama. Akasogea karibu, akauweka mkono wenye utomvu wa ndizi mbali na skrini kwa heshima.

"Na hiyo ni bure?"

"Bure."

"Na walioitengeneza hawakujui?"

"Hawanijui."

"Basi wana mama wazuri," akasema Dominika.

Elinipendo akaihifadhi kwenye flashi, akakimbia nyumbani bado kuna mwanga. Kola ya kwanza uzi ulikatika kwenye kitabu. Ya pili mashine iliimba mpaka mwisho.

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano Mama Ebenezeri alishafika, maana mwenyekiti wa kwaya akichelewa, kwaya nzima inachelewa. Aliichukua kola akaipeleka dirishani. Akaitazama mbele. Akaigeuza, akaitazama nyuma, pale ambapo fundi mbaya huwa anaficha dhambi zake. Akaivuta. Elinipendo alikuwa amesimama na futi ya kupimia shingoni, ameishika ncha mbili kama anayejinyonga.

"Jani la mgomba limenenepa," akasema Mama Ebenezeri.

"Nitalipunguza, mama. Ni kubadilisha namba tu."

"Msalaba uko sawa." Akaigeuza tena. "Kitabu kiko sawa. Hii umeifanyia hapa hapa? Kwa mashine ile ya bata?"

"Hapa hapa."

Mama Ebenezeri akavua miwani. "Ishirini na nne sikupi. Usinitazame hivyo, kamati ina watu wazito. Nakupa kumi na mbili, za wanawake wa sauti ya kwanza na ya pili. Wakisimama Jumapili ya kwanza mbele ya watu wakapendeza, za wanaume nazo zitapanda huku zenyewe. Wanaume hawapendi kupitwa. Vitambaa viko kwenye gari."

Kumi na mbili. Elinipendo aliirudia ile namba moyoni na ikakaa vizuri, kama kofia ya kipimo chake. Alitaka kusema asante, akajikuta anauliza kama atakula. Mama Ebenezeri akasema yeye si mtu wa kula kula ovyo, akavuta kiti.

Ndipo Elinipendo alipochungulia nje. Upande wa pili wa uzio Dominika alikuwa anakata majani kwa mundu. Alikuwa hapo tangu gari lilipoingia, na pale aliposimama hapakuwa na majani tena, alikuwa anakata udongo.

"Mama Sirili! Shikamoo!"

"Marahaba. Mimi nakata majani tu."

"Kumi na mbili, mama! Amenipa kumi na mbili!"

Mundu ukasimama. Dominika akajaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda, ukafunguka wote. "Kumi na mbili kati ya ngapi? Na zile nyingine? Amesema nini kuhusu jani? Miwani alivaa?"

"Njoo nikwambie."

"Nimeshakula, mwanangu."

"Saa ngapi, na tangu saa nne uko hapo? Weka huo mundu. Karibu ndani, mama, nimepika mtori wa ndizi sufuria nzima, na Mama Ebenezeri hawezi kuumaliza peke yake, ingawa naona ameanza kujaribu."